UZI: Mgonjwa wa nyumbani hatapona na watoto wapo. Tuwaambie nini, lini, na nani awaambie?

Mwalimu wa Pasiansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kutoka Mwanza. Naomba uzi huu usomwe hasa na mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa ambaye madaktari wameshasema dawa za kuponya zimefika mwisho, na katika nyumba hiyo hiyo kuna watoto.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, upande wa malezi na unasihi. Naletewa wanafunzi walioshuka ghafla darasani, wanaosinzia, wanaopigana, wanaotoroka. Nikikaa nao taratibu, mara nyingi nakuta nyumbani kuna mtu kitandani. Mama, baba, au bibi aliyewalea. Na karibu wote wananiambia kitu kimoja: hakuna aliyewaeleza chochote.

Ila wanajua. Shangazi amekuja kutoka Sengerema na begi kubwa na haondoki. Simu zinapokelewa nje. Baba ameuza pikipiki. Mchungaji anakuja katikati ya wiki. Mama aliyekuwa akiwahi soko la samaki la mwaloni Kirumba kabla hakujapambazuka sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Mtoto akiingia sebuleni, watu wazima wananyamaza au wanaanza kuongelea mvua. Mtoto wa miaka saba hana jina la kuyaita hayo, lakini anayahesabu yote, na usiku anayajumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo kujua anajua. Kilichobaki mikononi mwetu ni kama atakaa na anachokijua peke yake au pamoja na sisi.

Watu wa huku ziwani tunaijua misiba ya ghafla. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia kabisa bandari ya Mwanza, na makaburi ya Igoma walipozikwa wengi wao yapo hadi leo. Kisha kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Watoto wa waliokuwa kwenye vyombo vile hawakupata hata dakika moja ya kuaga. Ugonjwa wa muda mrefu ni mateso, sibishi, lakini unatoa kitu ambacho maji hayakuwapa wale: muda. Nikiona familia inamnyima mtoto muda huo kwa nia njema kabisa, roho inaniuma. Muda ule ni wake pia.

Majonzi yanayomjia mtu kabla ya kifo chenyewe ni majonzi kamili, na kwa watoto yanatoka kwa sura tunazozikosea. Aliyeacha kukojoa kitandani anarudia. Tumbo linauma kila asubuhi ya shule. Mwingine anamng'ang'ania mama hadi mlangoni pa bafu. Mwingine analia dakika tano kisha anauliza mpira uko wapi, na watu wazima wanasema "huyu bado hana akili." Akili anayo. Mtoto anabeba huzuni kwa vipande, anaitua, anacheza, anairudia.

Mwaka 1948 mtafiti wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha mazungumzo yake na watoto wa miaka mitatu hadi kumi kuhusu kifo. Wadogo, chini ya miaka mitano hivi, walikiona kama safari au usingizi ambao mtu anaweza kurudi kutoka huko. Walioanzia miaka tisa hivi walishaelewa kwamba ni mwisho na kwamba kila mtu atafika. Sasa fikiria tunachowaambia hawa wadogo: "Mama amesafiri." "Bibi amelala." Tunawapa maneno yale yale ambayo kichwa chao tayari kinayachanganya. Nimeshapata mtoto aliyekataa kulala wiki nzima kwa sababu hiyo, na mwingine aliyekuwa anakwenda stendi kusubiri basi.

Semeni kwa ukweli, kwa maneno mafupi, na neno "kufa" litumike. Nitaendelea, nasubiri na michango yenu.

---

Baba Wawili

Mwalimu shikamoo. Nimesoma huku natetemeka. Mke wangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Tumezunguka sana, tumeshalazwa hospitali ya Bugando mara kadhaa, na sasa tumerudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Nina binti wa miaka 6 na kijana wa miaka 14. Wanajua mama anaumwa tumbo. Naomba unisaidie maneno yenyewe. Sitaki nadharia, nataka nikikaa nao niseme nini mdomoni.

---

Mwalimu wa Pasiansi

Marahaba baba, na pole sana.

Kwanza zungumza na mama mwenyewe. Muulize anataka kuwepo, au anataka uanze wewe. Wagonjwa wengi wanatamani watoto waambiwe, lakini wanaogopa kuwaumiza ninyi mnaowauguza. Hata kama hana nguvu ya kuongea, ajue watoto wameambiwa nini, ili asije akaulizwa na binti yake akakosa pa kushika.

Usichague usiku wa kulala. Jumamosi mchana baada ya chakula ni bora, wapate saa nyingi za kukurudia na maswali. Simu zizimwe, wageni waombwe wapishe.

Unaweza kuanza na kijana ukamuuliza, "Wewe unaonaje hali ya mama?" Msikilize mpaka amalize. Utashangaa. Kisha kwa wote wawili, kitu kama hiki:

"Mama anaumwa ugonjwa unaoitwa saratani. Madaktari wamejitahidi sana. Sasa wametuambia dawa za kuuondoa hazifanyi kazi tena. Wanampa dawa za kupunguza maumivu. Tunaendelea kumwomba Mungu, lakini madaktari wanaona mama anaweza kufa kwa ugonjwa huu. Hatujui siku. Nitawaambia kila kinachobadilika, sitawaficha."

Halafu nyamaza. Usiwahi kujaza kimya.

Kuna hofu tatu ambazo mtoto mdogo huwa hazisemi, kwa hiyo zijibu hata kama hakuuliza. Ya kwanza, kwamba yeye ndiye amesababisha. Binti wa miaka sita anaweza kuamini kabisa kuwa mama aliugua kwa sababu siku moja alimkasirikia au alikataa kula. Mwambie wazi: "Hakuna ulichofanya, ulichosema wala ulichowaza kilichomletea mama ugonjwa." Ya pili, kwamba ataambukizwa. Mwambie saratani haiambukizwi kwa kukumbatiana, apande kitandani kwa mama. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: nani atanilea mimi? Hapo usiseme "Mungu atajua." Mungu anajua, lakini binti anataka kusikia jina. "Mtakaa na mimi, hapa hapa, na shangazi atakuwa anakuja."

Ukilia mbele yao, lia. Waambie unalia kwa sababu unampenda mama na una huzuni, na kwamba bado utapika chakula cha jioni.

---

Mzee wa Mabatini

Nimesoma yote. Mwalimu nakuheshimu, lakini mambo haya kwetu ni uchuro. Mtu anapumua unawaitia watoto kuwaambia atakufa? Sisi tumelelewa hivi: mgonjwa anaumwa, tunauguza, tunaomba, likitokea la kutokea watu wazima wanashughulika na watoto wanapelekwa kwa mama mdogo. Na imani je? Nimeona kwa macho yangu mtu aliyekatiwa tamaa anaamka. Ukimwambia mtoto mama atakufa umeshamfunga mdomo asimwombee.

---

Mwalimu wa Pasiansi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelisema, maana wengi wanalifikiria na hawaliandiki.

Naomba nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi. Wazee wetu walipoona siku zimekaribia, waliita watoto. Walikaa, wakausia, wakagawa, wakasamehe, wakabariki. Mjukuu aliitwa akashikwa kichwa. Hakuna aliyesema babu anajichuria. Muislamu anahimizwa awe ameandika wosia wake mapema, na Mkatoliki anaitiwa padri ampe mpako wa wagonjwa akiwa bado ana fahamu. Mila na dini zote mbili zinatupa nafasi ya kuaga. Naona sisi wa miaka hii, wenye wodi na oksijeni, ndio tulioanza kuwafungia watoto mlango.

Kuhusu maombi nakubaliana nawe. Ndiyo maana kwenye maneno niliyompa baba pale juu kuna "tunaendelea kumwomba Mungu." Mtoto anaweza kuomba apone na papo hapo akamwambia mama kile anachotaka kumwambia. Kinachonitisha ni mtoto aliyeambiwa "ukiomba kwa imani mama atapona." Mama akifa, mtoto huyo anabaki na hesabu mbaya sana: imani yangu haikutosha, nimemuua mama. Nimewapokea hao, mzee. Kuwatoa hapo ni kazi ya miaka.

---

Mzee wa Mabatini

Hilo la kuusia umenikamata, baba yangu alifanya hivyo hivyo. Basi mimi naweka sharti langu: asitaje siku wala mwezi. Daktari akisema miezi mitatu, iwe ya watu wazima.

---

Mwalimu wa Pasiansi

Hapo tuko pamoja mzee. Mtoto ukimpa tarehe, atakaa anaisubiri. Siku zikibaki chache utaona mwenyewe, na hapo unamwambia: "Mwili wa mama umechoka sana sasa, tunaona ni karibu."

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, niongezee upande wangu. Ninafanya kazi ya tiba shufaa hapa Kanda ya Ziwa. Kwa wasiojua, ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona: tunatuliza maumivu, tunashughulikia vidonda, hofu, na familia. Shirika la Afya Duniani linaitaja familia ndani ya maelezo yenyewe ya huduma hii, wakati wa kuugua na baada ya msiba. Kwa hiyo ukija kliniki ya mgonjwa, uliza habari za watoto. Una haki hiyo, huombi fadhila.

Watoto wanatishwa zaidi na wanachokiona bila maelezo. Hivyo mwelezeni kila kinachobadilika mwilini kabla hajakiona, au siku hiyo hiyo.

Chupa ya mofini ya kunywa ikija, waambieni ni dawa ya maumivu, ya mama peke yake, na iwekwe juu wasipofika. Inaweza kumfanya asinzie siku za mwanzo. Akisinzia hajawakasirikia. Akivimba miguu au akikonda, waambieni ndivyo ugonjwa unavyofanya.

Chakula, jamani, chakula ndicho kinacholeta vita nyumbani. Binti anamletea mama uji aliouchochea mwenyewe, mama anageuza uso. Mtoto anaona amekataliwa yeye. Mwelezeni kwamba mwili unaofika mwisho hauhitaji chakula tena kama zamani, na kulazimisha kunamtesa. Halafu mpeni kazi nyingine inayofanana na ile: kipamba kilicholowekwa maji safi, amlainishe mama midomo. Mtoto wa miaka sita anaweza. Nimewaona wakifanya kwa uangalifu kuliko sisi.

Siku za mwisho pumzi hubadilika. Inakwenda haraka, inasimama kidogo, inarudi. Kooni panaweza kukoroma kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kumeza au kukohoa mate. Inatisha kusikia, lakini mara nyingi mgonjwa mwenyewe haimsumbui. Mikono na miguu inapoa. Mtoto akitaka kuwepo, awepo na mtu mzima wake maalumu, ambaye kazi yake siku hiyo ni mtoto tu, na akitaka kutoka atoke naye. Asiyetaka asilazimishwe kumshika wala kumbusu. Na endeleeni kumsemesha mgonjwa hata akiwa hajibu, sisi wahudumu tunawashauri hivyo siku zote.

Angalizo moja. Hilo la "haiambukizwi" ni kwa saratani. Kama mgonjwa ana kifua kikuu, fuateni tulichowaelekeza kuhusu barakoa na madirisha wazi, na mwelezeni mtoto sababu, asidhani anafukuzwa.

---

Dogo wa Igoma

Sijawahi kuandika hili popote.

Nilikuwa bweni, kidato cha nne. Mama alikuwa anaumwa tangu nipo cha tatu, naambiwa vidonda vya tumbo. Likizo ya mwezi wa sita nikamkuta amebaki mifupa, nikauliza, nikajibiwa "soma mwanangu." Novemba mtihani ukaanza. Mama alifariki wiki ya kwanza ya mitihani. Familia na uongozi wa shule wakakubaliana nisiambiwe mpaka nimalize. Nilifanya mtihani wa Baiolojia siku waliyomzika. Nilikuja kujua nilipofika nyumbani na kukuta turubai limeshang'olewa, yamebaki mashimo ya nguzo uani.

Nilifaulu. Watu wananiambia "unaona, ilisaidia." Leo nina kazi, nina mtoto. Sina hata sentensi moja ya kuaga niliyoambiwa na mama, na watu wote walionizunguka walikuwa nayo nafasi. Shangazi alikuwa nayo. Jirani alikuwa nayo. Nawapenda ndugu zangu, najua walinihurumia. Ila naomba wenye watoto bweni mnisikie.

---

Mama Kijana Nyegezi

Pole mdogo wangu, umenitoa machozi. Lakini mwalimu, tusidanganyane, mtihani wa taifa kwa mtoto wa maskini ndiyo maisha. Binti yangu ndiye tegemeo. Nikimwambia Oktoba kwamba baba yake hatoboi, akifeli nani atambeba?

---

Mwalimu wa Pasiansi

Mama, swali lako ni la haki na nalisikia kila mwaka ikifika Septemba na Novemba.

Ninachokiona darasani ni hiki: mtoto anayehisi anafichwa hasomi. Anakaa na kitabu wazi ukurasa mmoja saa nzima. Aliyeambiwa analia, anashindwa siku kadhaa, kisha wengi wanarudi mezani kwa sababu wanajua nyumbani kuna nini na kwamba wataitwa pakitokea jambo. Siyo wote. Lakini mtihani wa kidato cha nne unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuaga hakurudiwi.

Fanya hivi. Nenda shule mapema, hata Agosti, ukaongee na mkuu wa shule na mwalimu mmoja ambaye binti anamwamini. Mwombee binti ruhusa ya kuja nyumbani mwisho wa wiki moja akae na baba yake. Mwambie ukweli akiwa nyumbani, siyo kwa simu ya matroni. Kisha muulize yeye: "Baba akizidiwa wakati wa mitihani, unataka tufanyeje?" Mwenye miaka 16 au 17 ana jibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu, na sijui jambo linalomhusu kuliko hili. Akisema nisubirini nimalize, mmesubiri kwa neno lake. Akisema niiteni hata kama nipo chumba cha mtihani, mmeshapatana.

Dogo wa Igoma, asante. Kama bado hujafanya, mwandikie mama barua ukaisome kaburini kwa sauti. Na muombe shangazi akusimulie zile wiki za mwisho, kila kitu, alikula nini, alikuwa anakutaja vipi. Hayo ni yako na bado yapo kwa watu walio hai.

---

Wa Ukerewe

Mimi shida yangu ni mpwa wangu, miaka 16. Kaka yangu ana saratani ya ini, amelala tu. Huyu kijana haingii chumbani. Anashinda uwanjani au ziwani, anarudi usiku, ukimsema anafoka. Ndugu wanasema hana upendo, na mjomba wake amemwambia "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii, jikaze."

---

Mwalimu wa Pasiansi

Huyo mjomba aombwe kwa upole aache hayo maneno. Kijana wa miaka 16 amesikia kwamba utoto wake umefutwa na kwamba baba ameshahesabiwa hayupo. Mimi ningekimbilia ziwani pia.

Mwaka 1944 daktari wa akili wa Boston, Erich Lindemann, aliandika kuhusu majonzi yanayotangulia kifo. Aliona wake wa wanajeshi waliokuwa wamejiandaa sana moyoni kwa habari ya kifo vitani, kiasi kwamba mume aliporudi mzima, mke alikuwa ameshamwachilia na hakuweza kumrudia. Kijana wako huenda yuko njia hiyo. Ameanza kuachilia mapema ili siku yenyewe isimpate. Ukimwita hana upendo unamsukuma mbele zaidi.

Vijana hawapendi kukaa uso kwa uso na kuzungumza hisia. Mpe kitu cha kufanya na mikono, kifupi, chenye mwanzo na mwisho. Nilimfahamu kijana mmoja wa Kirumba ambaye alikuwa vile vile, haingii. Mama yake akamwomba kitu kimoja tu: kumnyoa baba ndevu kila Jumamosi. Akawa anamtoa uani, anamkalisha kwenye kigoda chini ya mwembe, beseni la maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, wembe mpya. Baba anainua kidevu, kijana anavuta ngozi kwa kidole gumba, taratibu, shavu lilikuwa limebonyea na wembe ulikuwa hauna pa kupita. Hawakuzungumza ugonjwa hata siku moja. Walizungumza timu za mpira za Pamba na Toto, nani alikuwa fundi zaidi enzi zile. Siku baba aliposhindwa kukaa, alimnyoa akiwa amelala. Na alipofariki, kijana ndiye aliyeomba amnyoe kabla ya kuvikwa.

Mwambie mpwa wako ukweli mara moja, bila kumlaumu: "Siku za baba si nyingi. Sikulazimishi. Ila ningependa usije ukasema hukujua." Mwache na mpira wake. Kucheza mpira siyo dhambi, ndiko anakopumulia. Na atafutiwe mwanaume mmoja, kocha au mwalimu, anayemuuliza hali yake yeye, maana siku hizi kila mtu anamuuliza hali ya baba.

Ukiona anakunywa, anajikata, anasema bora na yeye afe, hapo usisubiri uzi huu. Mpeleke hospitali ukaombe mtaalamu wa afya ya akili. Pia kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

---

Binti Nyakato

Naomba niongeze kuhusu kumbukumbu, kwa sababu mama yangu alifanya na imenilea.

Alisoma habari za akina mama wa Uganda waliokuwa wanaishi na VVU. Miaka ya 1990, kupitia chama chao cha NACWOLA, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo, asili, mtoto alizaliwa wapi na lini, alipenda nini akiwa mchanga. Mama hakuwa mtu wa kuandika. Alirekodi kwenye simu. Ninazo sauti zake nyingi, fupi fupi, na nyuma unasikia kuku na redio ya jirani. Moja ananieleza kununua dagaa mwaloni: "Shika wachache, sugua kiganjani. Ukibaki mchanga, waache, wameanikwa chini. Na usinunue msimu wa mvua bila kunusa, hata kama unamjua muuzaji." Nyingine anataja majina ya bibi zake mpaka wa nne. Nyingine anasema kwa nini aliniita jina langu.

Zile za mausia mazito nazisikiliza kwa nadra. Za dagaa nazisikiliza hadi leo nikiwa jikoni.

Ushauri: usiziache kwenye simu moja. Mimi nusura nizipoteze. Weka kwenye kadi, tuma kwa ndugu wawili watatu. Na msimlazimishe mgonjwa ageuke mhubiri. Muulizeni vitu vya kawaida.

---

Mwalimu wa Pasiansi

Dada, umenisaidia sana, na nimechukua. Nitaongeza kwamba ng'ambo ya ziwa, huko Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, familia nyingi zilijifunza haya kwa gharama kubwa: watoto waliobaki bila kujua ukoo wa mama, bila cheti cha kuzaliwa, bila kujua shamba ni lipi. Kwa hiyo pamoja na sauti, mgonjwa akiwa na fahamu shughulikieni karatasi. Vyeti vya kuzaliwa na wosia, RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, wanahudumia vyote viwili. Na watoto wakubwa waambiwe wazi nani atakaa na nani. Ndugu kugawana watoto usiku wa matanga bila watoto kuulizwa ni jambo ambalo ningeomba liishe kabisa katika nchi hii.

---

Baba Wawili

Mwalimu, nimerudi. Tuliongea jana baada ya chakula. Mama yao alitaka awepo, tukamwegesha kwa mito.

Kijana alisema alijua tangu mwezi wa pili. Alisoma kwenye karatasi za hospitali, akatafuta neno kwenye intaneti. Miezi yote hiyo alikuwa nalo mwenyewe. Alilia kama mtoto mdogo, halafu akauliza kama tutahama nyumba.

Binti alisikiliza, akauliza: "Nani atanisuka?" Mimi nilikosa jibu. Mama yake akamwambia, "Njoo." Sijui niseme nini zaidi. Asanteni nyote. Nauliza: hilo swali la kusuka nilijibu vipi? Na siku yenyewe ikifika, msibani wawepo au niwapeleke kwa mama yangu Magu?

---

Mwalimu wa Pasiansi

Baba, umefanya vizuri sana.

La kusuka lijibu kwa vitendo. Shangazi au jirani ambaye ataendelea kumsuka aanze sasa, mama akiwa anaona na kuelekeza: huku usivute sana, hapa ana kidonda cha zamani, anapenda mtindo wa twende kilioni. Binti aone mama anamkabidhi yeye mwenyewe kwa mkono mwingine. Atauliza tena na tena, maswali yale yale. Mjibu yale yale.

Kijana mshukuru kwa kubeba, halafu mwambie kuanzia sasa karatasi za hospitali mtasoma pamoja. Na la kuhama mjibu kabla ya Jumapili, hata kama jibu ni "bado sijajua, nikijua utakuwa wa kwanza."

Msibani wawepo, wakitaka. Waelezwe kabla: watu watakuwa wengi, watalia kwa sauti, mama atakuwa kwenye jeneza, hatasikia maumivu wala baridi, kisha tutamzika. Binti awe na mtu wake mmoja wa kumshika mkono siku nzima, na asiwe wewe, utakuwa na kazi. Akichoka apelekwe kwa jirani acheze. Wasipelekwe Magu ili warudi wakute kila kitu kimeisha. Bibi aje huku.

Walimu wa darasa wa wote wawili wameshajua?

---

Baba Wawili

Wa kijana bado. Wa binti nimempigia asubuhi hii, amesema nifike saa nne. Na dada yangu anakuja Jumamosi na kitana, mama atamwelekeza.